Kana Hapakuwa na Mwenye Baa





Majuma mawili yaliyopita Halmashauri Walei ya parokia yetu ilipokea pendekezo ambalo wengi wenu mmekwisha kulisikia. Ukumbi wetu, ambao siku nyingi hukaa mtupu, ufunguliwe baa itakayofanya kazi tangu Ijumaa jioni hadi Dominika usiku, na faida yake imalizie paa la kanisa la kigango. Nakiri kwamba hesabu ilipangwa vizuri. Nilipoonyesha kusita, mzee mmoja ninayemheshimu sana alisimama akasema: "Baba Paroko, wewe mwenyewe ulikwenda Ujerumani ukatuletea picha. Wamonaki kule wanapika bia, wanauza, na makanisa yao yanang'aa. Sisi tukiuza tuna dhambi gani?"

Watu walicheka, nami nilicheka pamoja nao. Hata hivyo swali lile halikuwa mzaha. Niliomba nipewe muda wa kutafakari, na leo nalijibu mbele yenu nyote, kwa maana aliyeuliza hakuuliza kwa niaba yake peke yake.

Ni kweli nilikwenda. Mwishoni mwa Septemba mwaka 2023 nilikuwa mgeni wa wamonaki Wabenediktini wa St. Ottilien, kule Bavaria. Sisi wa nyanda za kusini tunalijua jina hilo, kwa kuwa kutoka katika shirika hilo walitoka wamisionari waliofika pwani ya Tanganyika mwaka 1888, wakaanzisha Peramiho mwaka 1898 na Ndanda mwaka 1906. Kutoka St. Ottilien hadi mji wa München ni safari ya treni isiyofika saa moja. Bruda mmoja mzee alijitolea kunitembeza. Aliniambia: "Padre, mji huu hauelewi mpaka uketi kwenye meza zake." Kwa siku tatu tuliketi kwenye meza zake.

Jina lenyewe la mji huo linatokana na wamonaki, na katika nembo yake yumo mmonaki. Kiwanda cha Augustiner huhesabu mwanzo wake mwaka 1328, katika nyumba ya watawa Waagustino. Paulaner hujitaja kuwa cha mwaka 1634, nacho chatokana na watawa wa Mtakatifu Fransisko wa Paola, waliopika bia nzito ya kuwasaidia kuvumilia mfungo; hadi leo bia ya namna hiyo hunywewa sana mjini humo wakati wa Kwaresima. Kaskazini ya München upo mji wa Freising, ambamo Papa Benedikto wa 16 alipewa daraja la upadre mwaka 1951. Juu ya kilima cha mji huo ndipo palipokuwa monasteri ya Weihenstephan, ambayo kiwanda chake hudai kupika bia tangu mwaka 1040. Basi mzee wetu hakukosea. Kanisa na pipa vimeishi jirani kwa karne nyingi.

Je, nilikunywa? Nilikunywa, wala sitawaficha. Chini ya miti mikubwa ya bustani ya Augustiner, karibu na stesheni kuu, nililetewa bilauri ya lita moja ambayo niliishika kwa mikono miwili kama kalisi. Ilikuwa bia nzuri sana. Sikuimaliza, na bruda alinicheka mpaka jioni.

Lakini mgeni mwenye macho hatazami bia tu. Nilirudi na mambo manne, ambayo picha zangu hazikuyaonyesha.

Jambo la kwanza ni mkate. Tarehe 23 Aprili 1516, mjini Ingolstadt, watawala wa Bavaria walitoa amri maarufu kwamba bia itengenezwe kwa shayiri, hopsi na maji tu. Hamira haikutajwa, maana kazi yake ilikuwa haijaeleweka. Watu wengi huisifu amri hiyo kuwa sheria ya usafi wa bia. Lakini sehemu kubwa ya amri hiyo ilihusu bei: mwenye kuuza asizidishe kiasi kilichowekwa, kimoja tangu sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli hadi ya Mtakatifu Jorji, na kingine kwa miezi ya joto. Na wanahistoria wengi huongeza kwamba kuwabana wapika bia kwenye shayiri kuliiachia ngano tanuri la mkate. Kwa maneno mengine, mji unaopenda bia kuliko miji mingi duniani ulianza kwa kuuliza kwanza: je, watu watakula?

Ndugu zangu, nawauliza nanyi. Mahindi yanayogeuzwa komoni katika vijiji vyetu mwezi wa Januari, wakati ghala ziko tupu na mashamba bado hayajakomaa, ni mahindi ya nani? Si mara moja nimemkuta mtoto darasani akisinzia kwa njaa, na nyuma ya nyumba yao pipa linatoa povu. Sisi hatuna mtawala wa kututolea amri ya mwaka 1516. Amri hiyo hatuna budi kuiandika wenyewe, mlangoni pa ghala zetu.

Jambo la pili ni mstari. Kila bilauri niliyopewa kule ilikuwa na mstari mwembamba uliochorwa karibu na ukingo. Sheria inadai hivyo, ili mnunuzi asiuziwe povu kwa bei ya bia. Watu wa München hulichukulia jambo hilo kwa uzito mkubwa, hata kipo chama cha raia wanaopigana na ujazaji wa udanganyifu. Aidha, katika baa nyingi mhudumu huandika kijistari kwenye kipande cha karatasi ngumu kilicho chini ya bilauri yako, kimoja kwa kila bia. Ukitazama chini, unajua umefika wapi. Na jirani yako pia anajua.

Nilimwuliza bruda: "Mstari huu unamlinda mnunuzi asipunjwe. Ni mstari gani unaomlinda asizidishe?" Alinyamaza kidogo, kisha akajibu kwamba ule ulichorwa na Mtakatifu Benedikto. Katika sura ya 40 ya Kanuni yake, Baba wa wamonaki wa Magharibi anasema anasita kuwapangia wengine kipimo cha kunywa, kwa kuwa kila mtu ana karama yake. Anakiri kwamba ingefaa wamonaki wasinywe divai kabisa, lakini kwa kuwa hawakubali kushawishiwa hivyo, basi wanywe kidogo, wasifike kushiba. Anataja kipimo kimoja kwa siku, ambacho wafasiri wengi hukikadiria kuwa kati ya robo lita na nusu lita. Na wanaoishi mahali ambapo hata hicho hakipatikani, anawasihi wamsifu Mungu wala wasinung'unike.

Tazameni hekima hiyo. Hakupiga marufuku kwa hasira, wala hakunyamaza kwa hofu. Sisi mapadre mara nyingi tunafanya moja kati ya hayo mawili. Dominika hii tunaikemea pombe kana kwamba ni shetani mwenyewe, na Dominika ijayo, kwenye jubilei, tunapokea makreti mbele ya waamini wale wale. Nani atatusadiki?

Jambo la tatu ni meza. Mwaka 1812 mfalme wa Bavaria aliwaruhusu wapika bia kuuza bia kwenye maghala yao ya nje ya mji, lakini akawakataza kuuza chakula huko, isipokuwa mkate, ili wenye migahawa wasikose riziki. Hivyo watu wakaanza kwenda na vyakula vyao, na desturi hiyo ingaliko. Niliona bibi akitandika kitambaa chake mezani, akitoa jibini, figili na mkate kutoka katika kikapu. Wajukuu wake walikunywa maji ya tufaha. Mzee mmoja asiyetufahamu alituuliza kama nafasi kando yetu ni tupu, akaketi, na baada ya dakika kumi alikuwa ananieleza habari za upasuaji wa goti lake. Pombe ilikuwepo, lakini ilikuwa mgeni katika meza ya familia. Haikuwa mwenye nyumba.

Hapo nilikumbuka vilabu vya ulanzi vya utotoni mwangu, wazee wakipokezana kikombe juu ya benchi moja, wakisuluhisha ugomvi wa mipaka kabla ya jua kutua. Tulikuwa nayo meza hiyo. Siku hizi naona kijana ameketi peke yake nyuma ya duka, saa tatu asubuhi, na kichupa cha pombe kali mfukoni. Serikali yetu ilipiga marufuku pombe ya viroba tangu tarehe 1 Machi 2017, na ilifanya vema. Lakini upweke uliokuwa ndani ya kiroba haukupigwa marufuku. Umehamia kwenye chupa.

Nisije nikawachorea München kama paradiso. Tulipita pia katika uwanja wa sherehe yao kubwa, iliyoanza mwaka 1810 kwa arusi ya mwana wa mfalme, na ambayo mwaka ule wa 2023 ilihudhuriwa na watu zaidi ya milioni 7. Nyuma ya mahema, kwenye mteremko wa nyasi, niliwaona vijana wamelala kifudifudi mchana kweupe, wengine katika matapishi yao, na wahudumu wa huduma ya kwanza wakiwapitia mmoja mmoja. Mstari wa bilauri haukuwasaidia. Na baadhi ya majina yale ya kale leo ni mali ya kampuni kubwa za kimataifa. Spaten na Löwenbräu zimo katika mikono ile ile inayomiliki hisa nyingi za kiwanda kinachotengeneza Kilimanjaro na Safari zetu. Tusifikiri kwamba kila chupa yenye picha ya mtawa imetoka kwa mtawa.

Na meza yenyewe inaweza kuoza. Hilo ndilo jambo la nne. Katika jumba la Hofbräuhaus, lililoanzishwa na Mtawala Wilhelm wa 5 mwaka 1589, wageni huimba na kugonga bilauri kila jioni. Ghorofani, tarehe 24 Februari 1920, Adolf Hitler aliutangaza mpango wa chama chake mbele ya umati uliokadiriwa kuwa watu 2,000. Yaliyofuata dunia nzima inayajua. Meza ile ile iliyowakutanisha majirani iliwafundisha kuwachukia majirani.

Lakini Mungu hakukosa shahidi katika kumbi hizo. Mwenye Heri Rupert Mayer, padre Mjesuiti aliyepoteza mguu wake wa kushoto katika vita vya kwanza vya dunia, alikuwa akienda kwenye mikutano ya siasa katika kumbi za bia, kwa sababu huko ndiko walikokuwa kondoo wake. Mwaka 1923, katika ukumbi wa Bürgerbräukeller, alisimama akaeleza kwamba Mkatoliki hawezi kamwe kuwa mfuasi wa chama kile. Alijibiwa kwa kelele za hasira. Baadaye alifungwa, akapelekwa katika kambi ya Sachsenhausen, kisha akazuiliwa katika monasteri ya Ettal hadi mwaka 1945. Alifariki tarehe 1 Novemba mwaka huo huo, baada ya kuzidiwa akiwa anahubiri katika Misa ya Watakatifu Wote. Papa Yohane Paulo wa 2 alimtangaza Mwenye Heri mwaka 1987. Kaburi lake limo katika kanisa la Bürgersaal, hatua chache kutoka nyumba ya kale ya Augustiner, katika mtaa ule ule. Nilipiga magoti pale kwa muda mrefu, na nje nilisikia watu wakicheka mezani.

Sikumwomba Mwenye Heri aifunge milango ya baa. Nilimwomba anipe ujasiri wa kusema kitu kimoja cha kweli mahali ambapo watu wamefurahi.

Basi nakiseme.

Wengi wenu mnakumbuka adhimisho la miaka 10 ya upadre wangu. Mlinipenda mno siku ile, na makreti yalipangwa hadi dirishani. Nilipita meza kwa meza nikiwashukuru, na kila mahali niliambiwa, "Baba, waongezee vijana." Nami nilisema, "Waongezewe." Miongoni mwao alikuwamo kijana wa kwaya, mwenye sauti ya besi, aliyekuja kwa pikipiki. Usiku ule hakufika kwao. Siku ya tatu nilimzika mimi mwenyewe. Jina lake silitaji, ingawa mnalijua. Wazazi wake wamenipa ruhusa ya kuandika maneno haya, na mama yake aliniambia jambo ambalo sitalisahau: "Baba, sisi hatukulaumu. Ila siku ile hapakuwa na mtu wa kumwambia yatosha." Mtu huyo alikuwepo, wapendwa. Alikuwa amevaa kanzu nyeupe, na alikuwa akisema waongezewe.

Kwa hiyo namjibu mzee wangu kwa heshima yote. Uliuliza tuna dhambi gani tukiuza. Bia yenyewe si dhambi, na wamonaki sikuwakuta na hatia kwa kuipika. Monasteri ya Andechs, karibu na München, hupika na kuuza bia hadi leo, na mapato yake husaidia kazi za Abasia ya Mtakatifu Bonifasi mjini, ikiwamo huduma kwa watu wasio na makazi. Lakini angalia tofauti. Bia yao yauzwa kwa watu walioshiba, wenye usafiri wa treni wa kuwarudisha nyumbani. Ukumbi wetu uko kando ya barabara isiyo na taa, katika kijiji ambacho mshahara wa wiki huingia Ijumaa. Mwenye kunywa chupa moja pamoja na chakula hamtajirishi mwenye baa. Faida yote iliyoandikwa katika hesabu ile nzuri inatoka katika chupa ya tano na ya saba, na wanaokunywa chupa ya saba tunawajua kwa majina. Tutalipaka rangi kanisa kwa ada ya shule ya watoto wao.

Najua pia mtaniambia habari za arusi ya Kana, maana katika kila kilabu nchini yuko mwanateolojia wa Kana. Naam, Bwana aligeuza maji kuwa divai, mabalasi sita, tena makubwa. Lakini yasomeni masimulizi hayo tena. Divai ile ilitolewa bure. Ilitolewa kwa watu waliokuwa wanakula pamoja. Ilitolewa kwa ombi la Mama aliyeona nyumba ya watu inakaribia kuaibika, nayo iliiokoa nyumba hiyo na aibu. Kana hapakuwa na mwenye baa. Pombe inayoiondolea familia aibu na pombe inayoiletea familia aibu haziwezi kutetewa kwa Injili moja.

Kwa sababu hizo sitatia sahihi pendekezo la baa. Sisemi hivyo kwa kuwa Paroko ana neno la mwisho. Nasema ili mjue dhamiri yangu imesimama wapi kabla Halmashauri haijakutana tena. Badala yake naleta pendekezo jingine. Ukumbi ukodishwe kwa arusi, vipaimara na mikutano. Wenye sherehe waje na vyakula vyao na vinywaji vyao, kama wafanyavyo watu wa bustani zile. Parokia isiuze chupa hata moja. Pombe kali isiingie. Saa nne usiku taa zizimwe, na kila sherehe iwe na mtu mmoja aliyeteuliwa kusema yatosha, na wa kushika funguo za pikipiki. Mimi mwenyewe nitaanza: katika sherehe za kwangu, kreti halitapita la pili kwa meza moja.

Naijua gharama yake. Mapato yatakuwa madogo. Huenda ndugu zetu wa kigango watasali chini ya turubai kwa masika mawili zaidi, nami nitakwenda kunyeshewa pamoja nao. Nimeliwaza hilo usiku mwingi. Lakini paa linaweza kungoja. Kijana aliyeketi nyuma ya duka saa tatu asubuhi hawezi kungoja, na nataka siku atakapoinua macho kuutafuta msaada, aone ukumbi wa parokia ambao haukumuuzia.

Wanaopona kwa taabu kutoka katika ulevi, nao wapo miongoni mwetu, wajue kwamba kwao kipimo cha Benedikto ni kikombe kitupu, na hakuna mtu wa kuwacheka kwa hilo. Waje ofisini saa yoyote. Chai ipo.

Nawatakia Dominika njema. Mwenye Heri Rupert Mayer, utuombee.

Paroko wenu